Ufunguo wa Ghala la Kahawa

Kaka yangu aliniambia nifunge mlango, nami nikafunga. Ndani ya ghala alikuwa amesimama baba mkwe wangu, mwenyekiti wa kiwanda chetu cha kahawa, kofia mkononi, akinitazama. Nilivuta mlango, nikatia kufuli, nikageuza ufunguo na kuutia mfukoni. Ilikuwa Jumapili asubuhi ya mwezi wa nane, na redio ilikuwa imetuambia kwamba wanajeshi wameipindua serikali. Ningeweza kukataa. Hakuna aliyenielekezea bunduki. Kaka yangu alikuwa na fimbo tu, fimbo ya mutamaiyo, mzeituni wa porini, aliyoichonga mwenyewe alipostaafu jeshini.

Sasa mimi ni mzee, na bado mkono wangu wa kulia unaukumbuka ufunguo ule.

Nilikuwa karani wa kiwanda, huku kwetu kwenye miteremko ya Othaya, mahali ambapo kahawa inaishia na majani chai yanaanza. Nilikuwa nimesoma hadi kidato cha nne katika shule moja ya Nyeri, na aliyenilipia karo ni huyo kaka yangu, kwa mshahara wa koplo kutoka kambi ya Nanyuki. Baba yetu alikufa tukiwa wadogo. Kwa hiyo kaka akisema kaa, nilikaa. Wakati huo niliita tabia hiyo heshima.

Mwenyekiti alikuwa baba wa mke wangu. Tulimchagua wenyewe. Kila mwaka, baada ya mavuno makubwa, wakulima walikusanyika uwanjani kati ya meza za kuanikia, wakainua mikono, nayo ikahesabiwa mchana kweupe, kila mtu akiona. Lakini miaka ile malipo yalichelewa. Tulipeleka kahawa nyekundu iliyochambuliwa punje kwa punje, tukarudi na ahadi. Mwenyekiti alisema pesa zimekwama Nairobi. Watu wakatazama nyumba yake, wakaona mabati mapya, wakamaliza hesabu yao vichwani. Mimi pia niliimaliza hivyo, ingawa nilikula kwake kila Krismasi. Hadi leo sijui kama alikuwa mwizi. Hatukuwahi kumuuliza mahali ambapo angeweza kujibu.

Asubuhi ile mke wangu ndiye aliyegundua kwanza. Alikuwa ametoka kukamua ng'ombe, ndoo mkononi.

"Baba watoto, kwani leo si Jumapili? Mbona redio inapiga muziki wa gwaride?"

Niliongeza sauti. Muziki ukakatika, mtu mmoja akatangaza kwamba serikali imeondolewa, wanajeshi wameshika nchi, polisi wajihesabu kuwa raia. Nilibaki nimeshika redio kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa mtoto mchanga. Serikali ile ilikuwa na machifu, mahakama, magereza, picha ukutani katika kila duka. Ingewezaje kuisha kabla sijanywa chai?

Kabla hatujasemezana, kaka aliingia uani. Alikuwa amevaa kabuti lake la jeshi na viatu vilivyong'arishwa. Nadhani alikuwa amesikia redio kabla yetu na akaanza kwa kupiga viatu rangi.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi chukua funguo za kiwanda. Leo watu watajua kahawa yao iko wapi."

Mke wangu alimtazama kuanzia viatu hadi kichwa. "Shemeji, ukipita hivyo ng'ombe watakupigia saluti."

"Wewe mama, leo serikali imeanguka."

"Imeanguka, lakini Mungu hajaanguka. Mimi na watoto tunaenda kanisani." Kisha akanigeukia mimi, kwa sauti ya chini. "Baba yuko kiwandani. Leo ni siku ya kuosha. Usiende na huyu."

Nilijua ni siku ya kuosha. Hapa inafaa nieleze, maana msiba wetu mwingine ulianzia hapo. Kahawa ikishamenywa maganda mekundu, inalala ndani ya matangi ili utelezi wake uoze na kuachana na punje. Kwa baridi ya mlima wetu, ile iliyomenywa Ijumaa jioni iko tayari Jumapili asubuhi. Siku hiyo maji ya mto yanafunguliwa, vibarua wanaisukuma kwenye mifereji kwa mbao hadi punje zikwaruzane kama changarawe. Ikicheleweshwa, inachacha. Na kahawa iliyochacha hata uioshe vipi hairudi, mnunuzi anainusa mara moja tu na kuisukuma kando.

Nilizichukua funguo, nikamfuata kaka.

Tulipofika kiwandani watu walikuwa wamejaa, na wengine walikuwa wakishuka mbio kutoka ridge ya pili, yaani kilima cha ng'ambo. Walikuwa wakicheka, wakikumbatiana. Kaka alipanda juu ya mizani ya kupimia kahawa, akaanza kutuamuru kwa Kiswahili. Sisi sote pale tulikuwa Wagikuyu, tulizoea kusemezana kwa lugha yetu, na yeye mwenyewe alitukana kwa Kikuyu kila siku. Lakini Kiswahili ndicho kilikuwa lugha ya kambi.

"Sikiza! Kamati imekwisha! Kuanzia saa hii kiwanda iko chini ya mimi! Hakuna mtu kuongea bila ruhusa! Hakuna mtu kugusa mashine!"

Mwanamke mmoja mzee, aliyekuwa maarufu kwa mdomo wake, alipaza sauti kutoka nyuma: "Koplo, hata nyumbani kwako mkeo hajakupa ruhusa ya kuongea!"

Watu waliangua kicheko. Kaka alishuka, akamwendea, akampiga fimbo ya bega. Haikuwa kwa nguvu nyingi, lakini kila mtu aliisikia.

Kicheko kilikufa. Nilishtuka, nikatazama nyuso za watu nikingoja mmoja apige kelele. Mama yule ndiye mkunga aliyewapokea nusu ya waliokuwa pale walipozaliwa. Mtu mmoja akaanza kupiga makofi, na wengine wakafuata. Mimi pia nilipiga. Ni mikono ileile tuliyokuwa tukiinua kumchagua mwenyekiti.

Baba mkwe alikuwa upande wa matangi, suruali imekunjwa hadi magotini, akiwa na vibarua wachache. Alikuja polepole, akijipangusa mikono.

"Mnataka nini, wanangu? Kama mnanitoa, nitoeni. Iteni mkutano, mimi nitakaa kando. Lakini kwanza tuoshe kahawa."

"Wewe hakuna kutuamuru tena," kaka akasema. "Ingia ghalani." Kisha kwangu: "Funga."

Nilikuwa nimeshika mlango. Kaka akainama, akanong'ona kwa Kikuyu: "Leo jioni wewe ndiye mwenyekiti." Lazima niseme kwamba niliposikia hivyo moyo wangu uliruka kwa furaha. Wengi wamenihurumia wakidhani nilimwogopa kaka. Nilimwogopa, ndiyo, lakini pia nilikitaka kile kiti. Kwetu, mkwe hata hatajiwi jambo la aibu mbele yake, hukai alipokaa, unamsalimu ukiwa umeinamisha macho. Mimi nilimfungia kama mbuzi.

Vibarua walifukuzwa. Mashine zikanyamaza. Watu wakaketi kwenye nyasi wakingoja kugawiwa kahawa, lakini kaka hakujua aigawe vipi wala nani aanze, kwa hiyo alitangaza kwamba kwanza kutakuwa na nidhamu. Akatupanga mistari. Akatukagua. Jua likapanda.

Kutoka ghalani mzee alianza kugonga mlango.

"Fungueni maji!" alipiga kelele. "Kahawa inachacha! Fungueni maji, jamani!"

Watu walicheka. Kupitia mbao nene za mlango walisikia neno maji tu, wakadhani analilia maji ya kunywa. "Mpeni mwenyekiti chai na mandazi!" kijana mmoja akasema. Mimi nilielewa. Pale uwanjani nilikuwa labda mtu pekee aliyekuwa na kazi ya kuelewa, na bomba la maji lilikuwa umbali wa kurusha jiwe. Nilibaki kwenye mstari wangu.

Mke wangu alifika akitoka kanisani, kitambaa cheupe kichwani, watoto wetu watatu nyuma yake. Aliisikia sauti kabla hajauliza. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye mlango wa ghala, akaweka kiganja juu ya mbao.

"Baba?"

"Ni wewe? Waambie waoshe kahawa."

Aligeuka.

"Ufunguo uko na nani?"

Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu, na mkono wangu ulikuwa juu yake. Alinitazama. Nilimtazama kaka, naye kaka akatikisa kichwa. Nikatazama chini.

Mke wangu hakulia wala hakunitukana. Aliketi chini mbele ya mlango ule, akawaketisha watoto kando yake, akaanza kuzungumza na baba yake kupitia upenyo. Alimweleza habari za kanisani, nani aliimba, nani hakufika. Alizungumza naye hivyo mchana kutwa, na hakunitazama tena.

Alasiri, mwenye duka la barabarani alikuja mbio amebeba redio yake juu ya kichwa, ikiwa bado inasema. Muziki ulikuwa umebadilika, na sauti ilikuwa nyingine. Ilisema serikali ipo, imekuwepo, waasi wameshindwa, wananchi watulie majumbani.

Sijawahi kuona uwanja ukiwa mtupu upesi namna ile. Watu waliruka ua, waliacha kofia, waliacha viatu. Mtu aliyeanza kupiga makofi nilimsikia akipaza sauti njiani kwamba yeye alikuwa anapita tu. Kaka alivua kabuti lake, akalitupa ndani ya shimo la choo, akapotelea mashambani. Fimbo aliiacha imeegemea mizani.

Mimi nilikimbia hadi ghalani, nikatoa ufunguo, nikakosa tundu mara kadhaa, nikafungua.

Baba mkwe alitoka akiwa amelowa jasho, midomo imekauka. Alinipita kama mtu anayepita nguzo, akaenda kwenye matangi. Alichota kiganja cha kahawa, akainusa, akairudisha. Alijaribu kugeuza bomba, lakini akayumba. Mke wangu akamshika, wakapanda kilima pamoja na watoto. Nilibaki nikifungua maji peke yangu. Sikuweza kuosha matangi yote peke yangu, na harufu ilikuwa imeshaanza, harufu kama ya vitunguu vilivyooza.

Kesho yake polisi walifika, wakafunga kiwanda. Kahawa ya ridge nzima ikakaa pale hadi ikawa mbolea. Karo za watoto, madeni ya mbolea, paa za nyumba ambazo watu walikuwa wamezipanga, vyote vilikuwa ndani ya matangi yale. Waliokuwa na kahawa nyingi mwaka ule walipeleka ndizi na mboga hadi soko la Kagio kutafuta senti.

Inspekta alimwita mwenyekiti, akamwuliza mbele yetu sote ni nani aliyemfungia. Niliona pingu mkononi mwa askari. Siku hizo watu walikuwa wakichukuliwa Nanyuki na Nyeri, na wengine hatukujua wamepelekwa wapi.

Mzee alikohoa. "Hakuna aliyenifungia, afande. Niliingia kukagua kahawa, mlango ukajifunga. Karani wangu ndiye aliyenifungulia."

Inspekta alicheka. "Mzee, kufuli linajifunga kwa nje?"

"La kwetu ni bovu."

Nilisimama pale kama niliyemwagiwa maji ya barafu. Nilikuwa nimejitayarisha kwa pingu, lakini si kwa hilo. Askari walipoondoka nilimfuata, nikaanza kusema, "Baba..."

"Usiniite hivyo," alisema bila kugeuka. "Sikukuokoa wewe. Sikutaka wajukuu wangu waitwe watoto wa mfungwa."

Nilikwenda nyumbani kwake, ambako mke wangu na watoto walikuwa wamekaa tangu Jumapili ile, kumwomba mke wangu arudi. Alitoka nje, akasimama kwenye kizingiti.

"Kufunga ningekusamehe," alisema. "Kaka yako alikulea. Lakini mimi nilikuomba ufunguo ukanyamaza, halafu redio ilipokuambia ukafungua. Nitaishije na mtu ambaye lazima kwanza asikilize redio?"

Niligeuka, nikaenda zangu.

Wiki chache baadaye, mchana, nilisikia kengele na milio ya mbuzi kwenye njia inayopanda kwetu. Nilitoka. Wazee wawili wa ukoo wa mke wangu walikuwa wakiswaga kundi mbele yao, na majirani walikuwa wamesimama kwenye nyua zao wakitazama. Ilikuwa mahari. Baba mkwe alikuwa akinirudishia mahari. Sikuwa nimewahi kuliona jambo hilo kwa macho yangu. Nilikuwa nimelisikia tu likisimuliwa, kama watu wanavyosimulia njaa za zamani. Kwa desturi yetu, mahari ikirudi yote, ndoa imekufa, na watoto ni wa ukoo wa mama yao.

Mzee mmoja alinikabidhi kamba ya beberu. "Hesabu," akaniambia.

Sikuhesabu.

Kaka yangu hakukamatwa. Aliishi miaka mingi, na mara nyingi alisema kwamba tungefaulu kama watu wangekuwa na nidhamu. Kiwanda kilifunguliwa tena. Kwenye mkutano uliofuata wakulima waliinua mikono, wakamchagua tena mwenyekiti yuleyule. Mimi niliuinua mkono wangu pamoja nao, naye akaangalia mahali pengine wakati unahesabiwa.

Binti yangu alipoolewa, mahari ilipelekwa nyumbani kwa babu yake, na mimi nilizipata habari sokoni. Wanangu wa kiume wanalitumia jina la ukoo wa mama yao. Mke wangu alizikwa kwao, na nilisimama nje ya lango pamoja na wageni. Kwa ufunguo ule nilimpoteza yeye, nikawapoteza watoto wetu watatu, na sikuwapata tena.