Pikapu Iliyogoma Msibani Zombo

Nakumbuka siku moja kwa sauti yake, mwanangu: stata ya pikapu ikizunguka, ikizunguka, na injini isiwake. Mpaka leo nikisikia gari la mtu likisumbua hivyo pale Mikumi, nasimama kwanza barabarani, ndipo niendelee na safari yangu. Wajukuu hunicheka. Nawaacha wacheke, maana hawakuwepo Zombo.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na kila aliyejaliwa kidogo akawa anatafuta gari lililokwisha kutumika Japani. Mjomba wangu naye akapata pikapu yake ya petroli, ubavuni ina maandishi ya Kijapani ambayo hakuna aliyejua yanasema nini. Mjomba alikataza yasifutwe, eti ndiyo baraka ya gari. Mimi nilikuwa dereva wake, na fundi wake pia, kwa kuwa hapakuwa na mwingine. Tulikuwa tukichukua mpunga Zombo na kwenda kuuza Mikumi, na nikishika usukani ule nilijiona mtu mbele ya watu.

Basi babu yangu akafariki, tukaenda Zombo kumzika. Unajua kwamba sisi Wasagara na Wanyamwezi ni watani. Baba zao walikuja Kilosa kukata mkonge, wakaoa, wakazaa, na utani ukaota mizizi pamoja nao. Mtani ana haki zake msibani. Atalala kaburini akatae kutoka, ataficha majembe, atazuia jeneza mpaka apewe kuku, na wewe mfiwa huna ruhusa ya kukasirika. Usiwasikilize wanaoiita mila hiyo ushamba, mwanangu, imewafuta machozi wengi. Mtani wetu siku ile alikuwa Maganga, rika langu, kijana wa maneno mengi, tuliyezoea kula naye sahani moja.

Makaburi ya ukoo wetu yako ng'ambo ya mto, kwa hiyo jeneza lilikuwa lipakiwe kwenye pikapu. Kabla halijatolewa ndani, nikasikia ukelele kutoka kwa wanawake waliokuwa wakipika, na haukuwa wa kilio cha msiba. Dada yangu Roza, mja mzito aliyekaribia miezi yake, alikuwa ameanguka. Nilipofika nikaiona damu kwenye kitenge chake, damu nyingi. Mkunga aliyekuwepo alisema neno moja tu: "Kilosa," maana hospitali iko huko. Tukampakia. Mumewe, shemeji Petro, akakaa nyuma amempakata kichwa, nami nikarukia usukani nikapiga stata.

Ikazunguka vizuri, kwa nguvu zake zote. Haikuwaka.

Nikapiga tena na tena. Watu wakaanza kupaza sauti, huyu anasema betri, yule anasema isukumwe. Lakini betri ikifa stata haizunguki namna ile, hilo nililijua. Nikashuka, nikafungua boneti. Maganga alikuwa amekwisha kufika na sanduku la spana, akasimama ubavuni kwangu. Nikamshukuru moyoni.

Injini ya petroli, mwanangu, haina siri nyingi. Inataka moto, inataka mafuta, inataka pumzi. Nikachomoa waya wa plagi nikausogeza karibu na chuma, mjomba akapiga stata, cheche ikaruka. Moto upo. Nikalegeza bomba la petroli pale linapoingia kwenye kabureta, akapiga tena, petroli ikanirukia mikononi. Mafuta yapo. Nikafungua chujio la hewa, jeupe, safi. Kila nilichofungua kilikuwa kizima, na kila nilipoomba spana Maganga alinipa, bila neno. Nyuma Roza alikuwa akiniita kwa jina langu la utotoni. Kisha akaacha kuniita, na hapo ndipo hofu iliponishika kweli kweli.

"Mjomba, piga tena," nikasema, nikakimbilia nyuma ya gari. Nikaweka kiganja kwenye mdomo wa ekzosi. Hakuna upepo, hakuna moshi, hakuna kitu. Gari lilikuwa linavuta pumzi lisiweze kuitoa. Nikapiga magoti nikachungulia, nikaona gunzi la mahindi limeviringishwa kitambaa, limegongomelewa humo ndani. Nikalichokoa kwa bisibisi mpaka likatoka.

"Nani?" nilipiga kelele. "Nani kafanya hivi?"

Watu wakatazamana. Kisha nikasikia sauti ndogo nyuma yangu. "Mimi."

Nikageuka. Alikuwa Maganga, na spana bado iko mkononi mwake.

Nimeona mengi maishani, mwanangu, lakini sijapata kupigwa na butwaa kama siku ile. Kwamba ameziba ekzosi, hilo sikulishangaa, alikuwa anasubiri jeneza lipakiwe atuzuie, adai kuku wake. Lakini alisimama ubavuni kwangu muda wote ule! Aliniona nafungua plagi, akajua si plagi. Aliniona nafungua kabureta, akajua si kabureta. Alimsikia Roza. Nikarukia usukani. Gari likawaka kwa stata moja, tukaondoka.

Roza alipona, Mungu ni mwema. Mtoto wake, wa kiume, tulifika naye amekwisha kufa tumboni. Hakuna aliyetuambia kwamba tungewahi angeishi, wala kwamba asingeishi. Petro hakuuliza. Mpaka leo hajui, nami sijui, na Maganga hajui.

Kesho yake nikarudi Zombo na Petro na kifurushi kidogo, mwili wa yule mtoto. Babu alikuwa amekwisha kuzikwa. Kwa mila, mtani ndiye mchimbaji, kwa hiyo Maganga akachimba tena, kaburi fupi kando ya lile kubwa. Alichimba bila mzaha hata mmoja. Alipomaliza akapiga magoti mbele ya bibi yangu, mjane wa juzi tu.

"Bibi, mwanzoni nilitaka kucheka," akasema. "Nilipoona damu nikaogopa. Nikasema sasa hivi atafika nyuma, ataliona mwenyewe. Kila alipofungua kitu, nikasema sasa hivi."

Bibi alimtazama sana. Sisi tulitegemea ama ampige ama amsamehe.

"Gunzi lilikuwa haki yako, mtani wangu," akasema. "Mume wangu mwenyewe angelicheka. Lakini kunyamaza, haki hiyo nani alikupa?"

Maganga akainuka, akakipokea kile kifurushi, akashuka nacho kaburini.

Wazee walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha, na watu wengi wakisimuliwa habari hii huishia hapo, wakapiga marufuku utani. Mimi siishii hapo. Utakosea, mwanangu, upende usipende. Utaziba mahali pasipozibwa, kwa mzaha, kwa haraka au kwa ujinga. Ukishaona watu wanahangaika kutafuta kosa ambalo wewe unajua liliko, usisubiri walifikie wenyewe. Usiwape spana huku umefunga mdomo. Sema. Mficha uchi hazai, nami nimeona kwa macho yangu mtoto asiyezaliwa hai. Aibu ya kusema "ni mimi" mapema ni ya kitambo, watu watakufokea, jioni mtakula pamoja. Ukichelewa, aibu ile ile itakungoja hata uzeeni. Na wewe unayetafuta kosa, usimalize nguvu zako mahali pamoja kwa sababu ndipo ulipozoea kutazama. Zunguka, nenda na nyuma.

Mungu akujalie mkono mwepesi na ulimi mwepesi kuliko mkono. Siku utakayokosea, na ije mchana, mbele ya watu wanaokupenda, na akupe ujasiri wa kusema kabla mgonjwa hajanyamaza.