Bawa Lisilopakwa Rangi

Madame Régine alikuwa na hasira, na hasira yake ilikuwa na ratiba: ilianza kengele ya shule ilipolia asubuhi, na haikupoa mpaka mwanafunzi wa mwisho awe ameondoka. Alifundisha fizikia katika sekondari moja ya mtaani mjini Bunia. Kila Jumamosi aliwakusanya wanafunzi wa mwaka wa tano wakatengeneza ndege. Si ndege za karatasi za kurushiana darasani. Zilikuwa ndege za kartoni zenye mota ndogo iliyotolewa kwenye gari la kuchezea na betri nyembamba ya simu iliyokufa, na ziliruka zenyewe zikizunguka uwanja wa mpira hadi betri iishiwe nguvu.

Kartoni aliyoipenda ni ile ya chakula cha askari wa kigeni. Makasha yakishatupwa kambini, huishia sokoni yakifungia sabuni na samaki wakavu, na hapo ndipo Régine alipoyapata. Kartoni ina ngozi mbili na mbavu katikati. Unailowesha kidogo, unamenya ngozi moja polepole kama unavyomenya ndizi ya kupika, inabaki nyepesi lakini haipindi. Mwenye pupa huichana, na mwenye kuichana alipigwa rula ya vidole.

Kila kipande kilipimwa. Mizani ilikuwa ya marehemu mumewe, Baudouin, aliyenunua dhahabu kule kwenye machimbo ya Kilo, ambako watu hupima kwa sarafu kuukuu na vijiti vya kiberiti. Baudouin aliuawa kwa mapanga njiani akirudi nyumbani. Waliomuua walichukua dhahabu tu, kwa hiyo mwili ulifika na mizani ikiwa bado mfukoni mwa koti, imeganda damu. Régine alilia mwezi mzima. Kisha akaiosha ile mizani kwa maji ya moto na kuipeleka darasani.

Alisahau majina ya wanafunzi, lakini uzito wa ndege zao hakuusahau hata miaka kumi. Na alikuwa na sheria moja isiyojadiliwa: hakuna kupaka rangi. Rangi ni uzito. Ndiyo maana ndege zake zote ziliruka juu ya Bunia zikiwa na maandishi ya kigeni ya jeshi na namba nyeusi kwenye mabawa, na kwa miaka mingi hakuna aliyejali.

Kisha mwaka mmoja mambo yakabadilika. Watu wa Bunia walikuwa wamezoea risasi, kama mtu anavyomzoea mkwe mkorofi. Droni, ile ndege ya mabomu isiyo na rubani, hawakuizoea. Ilikuja juu ikinguruma kama nyuki ndani ya kopo, na ilikopita watu walizika. Ilikuwa ya nani? Kila mtu alikuwa na jibu lake, na kila jibu lilikuwa linatafuta mtu wa kupigwa. Mkuu wa shule alimwita Régine ofisini akamwomba asimamishe ndege zake, au basi angalau azipake rangi, nyekundu, njano, yoyote, zionekane ni za watoto.

"Ndege yangu haijaua hata kuku," Régine alimjibu, akatoka bila kuaga.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Yeye alivunjika mkono, na karibu amzike mtoto wa watu.

Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi. Ndege ya Ornella ndiyo iliyokuwa nyepesi kuliko zote. Ornella alikuwa msichana wa miaka kumi na saba, aliyekimbia vita na mama yake, mkimya, mwenye vidole vya kutulia. Upepo uliibeba ndege yake ukaivusha ukuta wa shule, ukaipitisha chini chini juu ya barabara, hadi kwenye kituo cha pikipiki. Ornella akaifuata mbio. Régine alimwita arudi, lakini mtoto hakusikia.

Alichosikia Régine ni kelele.

"Droni! Iko droni!"

"Angalia, iko na maandiko ya basoda, ya jeshi!"

"Na huyu ndiye alituma! Mushike!"

Régine alipofika barabarani, Ornella alikuwa tayari chini. Watu wasiopungua hamsini walikuwa wamemzunguka. Mwanaume mmoja alikuwa akimpiga kwa mnyororo wa pikipiki, mwingine akimkanyaga kifua, na mwanamke aliyekuwa akiuza makaa ameshika nywele za mtoto akigongesha kichwa chake kwenye lami. Mdomo wa mtoto ulikuwa umejaa damu. Mtu alikuwa anavingirisha tairi kuukuu kuja pale katikati. Mwingine alipaza sauti, "Lete esansi!" na kidumu cha petroli kikaanza kupita mkono kwa mkono.

Régine alikuwa na miaka hamsini na mitatu na magoti mabovu. Aliwapasua watu kwa viwiko, akamng'ata mmoja begani, akajitupa juu ya Ornella.

"Iko kartoni!" alipiga kelele. "Ni miye nilitengeneza! Muniue miye!"

Walimkubalia. Mnyororo ulimchana mgongo. Teke lilimvunja ubavu, akausikia ukivunjika. Hakuogopa kufa, aliogopa jambo moja tu, kwamba angezimia, akalegea, na mtoto akabaki wazi. Akang'ang'ania.

Ndipo akamwona mwenye kidumu. Ulikuwa uso anaoujua: Kasereka, mwanafunzi wake wa zamani, sasa dereva wa pikipiki. Moyo wake ukapata nguvu.

"Weye! Mutoto ya Gertrude!" alisema, akimnyooshea mkono wa kulia. "Mama yako anajua unafanya nini hapa?"

Laiti angenyamaza. Hakujua kwamba Gertrude alikuwa na wiki mbili kaburini, kwamba alikuwa akipalilia mihogo yake bomu lilipoanguka, na kwamba Kasereka ndiye aliyeokota vipande.

"Mama alikufa!" Kasereka alilia. "Droni ndiyo ilimuua! Weye unanitajia mama?"

Akaweka kidumu chini, akaokota jiwe, akaupiga ule mkono ulionyooshwa. Mara ya kwanza mifupa ililia. Mara ya pili haikulia tena. Akaliinua mara ya tatu, juu ya kichwa.

Régine alimtazama. Hakumwomba. Alisema tu kile kilichokuwa kichwani mwake, kwa sauti ile ile ya darasani:

"Weye. Sarafu kumi na tisa, vijiti tatu. Ile ndege yako."

Jiwe likabaki juu.

Kasereka akageuka akaitazama ndege iliyokuwa imelala kwenye vumbi. Akaiokota. Naye alishawahi kumenya kartoni kama ile, alishawahi kupigwa rula. Akaipima kiganjani, na uso wake ukavunjika.

"Hii haiwezi kubeba hata yai!" aliwageukia wenzake. "Iko ya masomo! Muache! Ni madame wangu!"

Kundi lililoonja damu halisikii. Walimpiga naye. Mnyororo ulimpasua nyusi, lakini alikipiga teke kidumu petroli ikamwagika, akaiingiza pikipiki yake katikati ikinguruma, akawagonga wawili, akawapakia Régine na Ornella kama magunia na kukimbia hadi hospitali huku mawe yakimfuata mgongoni.

Ornella aliishi. Alipoteza meno manne, na sikio la kushoto halisikii mpaka leo. Madaktari walimkata Régine vidole viwili, na vile vitatu vilivyobaki havikunji. Ndio mkono aliokuwa akikatia kartoni.

Jumamosi ya kwanza aliyorudi darasani, Ornella alikuwa ameleta kopo la rangi ya njano, akaliweka mezani. Régine alilifungua kwa mkono wa kushoto. Alijua kilichomwagwa barabarani kwa ajili ya vijiti vichache vya uzito, na aliona aibu.

"Upake," alisema.

Kasereka alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi, kovu jipya kwenye nyusi.

"Madame, nimekuja kuomba musamaha."

"Musamaha sina," Régine alisema. "Lakini weye iko na mikono mbili. Chukua wembe, ukate."

Akakaa akakata. Alikuja Jumamosi iliyofuata, na iliyofuata. Ornella hakumsemesha kamwe. Alihama meza kila Kasereka alipokaa karibu, na Régine hakumkataza. Ilipopita miezi mitatu ndipo Kasereka alipothubutu tena, akiongea na bawa la kartoni lililokuwa mikononi mwake.

"Madame, utanisamehe siku gani?"

Régine alilichukua lile bawa kwa mkono wa kushoto, akaliweka kwenye mizani ya Baudouin, akaongeza kijiti kimoja cha kiberiti, kisha cha pili.

"Sijui," alisema, akamrudishia. "Hii iko nzito bado. Menya tena."