Bunduki Nyeupe ya Delmar Stensrud

Mzee Stensrud, Mungu amrehemu, alikuwa hali chakula cha jioni kabla bunduki yake haijala mafuta. Akirudi kuwinda huiweka mezani, anaifungua, anaikausha kwa kitambaa, anaipaka mafuta ndani na nje, ndipo mkewe anaruhusiwa kuleta viazi na samaki. Wanawe wawili, Arvid na Delmar, walikulia katika njaa hiyo ya kusubiri, nao walipokuwa watu wazima wakafanya vilevile. Si wao tu. Skarvik nzima ni hivyo, maana kisiwa chetu hiki cha Alaska mvua yake haina likizo, na chumvi ya bahari iko hadi kwenye mapazia.

Bunduki yenyewe ilikuwa ya chuma cheusi, chuma kilichochomwa dawa kiwandani mpaka kikawa na ubuluu kwa mbali. Nzuri kuitazama, lakini ina madeko. Ukiiacha na unyevu usiku mmoja, asubuhi imeota kutu. Ukiishika kwa mkono wenye jasho usiifute, alama ya kidole chako inabaki pale inakushitaki. Mzee alipofariki, Delmar, kitinda mimba, ndiye aliyerithi bunduki hiyo.

Sasa Delmar alikuwa ameshakuwa mtu wa makamo, mgane, mvuvi wa samoni, mbishi kuliko nyumbu, na mikono yake ilikuwa imeingiwa na baridi yabisi hata kufunga vifungo vya shati ilikuwa kazi. Kufungua bunduki ile kila jioni ya msimu wa kulungu kulimtoa machozi. Arvid aliyaona machozi hayo siku moja, akasema, "Lete hapa, mdogo wangu. Nitakuwa nakusafishia mimi. Ni dakika chache tu."

"Unisafishie bunduki? Halafu na pua utanipenga?"

"Ikibidi."

"Haijabidi," akasema Delmar, na kesho yake akaenda dukani kwa Wendell kutafuta bunduki ya stenlesi, ile ya chuma cheupe kinachong'aa.

Wendell ni mtu wa haki, sitamsema vibaya. Alimwekea mbili juu ya meza, moja nyeusi na moja nyeupe, aina ileile, akamwacha azishike. Arvid alikuwa amemfuata, akaegemea kabati la ndoano huku akicheka.

"Hiyo nyeupe kulungu atakuona ukiwa bado kitandani," akasema. "Hicho ni kijiko cha hospitali, bwana, si bunduki."

"Kulungu hana habari na rangi. Wendell, hii inashika kutu?"

"Mtutu huo? Ukiutupa baharini wiki nzima, utautoa unang'aa," akasema Wendell. "Lakini ukumbuke, kilicho stenlesi ni kile unachokiona. Ndani ya komeo, hili unalolivuta kuingiza risasi, kuna springi na pini inayogonga risasi, hizo ni chuma cha kawaida. Fungua mara mojamoja, tia mafuta."

"Umesikia?" akasema Arvid. "Ndani."

"Nina masikio."

Masikio alikuwa nayo, lakini sikio la kufa halisikii dawa. Alichosikia Delmar ni mtutu kutupwa baharini ukatoka unang'aa. Akalipa, akamkabidhi kaka yake bunduki nyeusi ya baba yao, aliyokuja nayo, palepale mlangoni, na akatoka na nyeupe begani katika mvua, bila hata kuifunika. Niseme kweli, siku ile alifurahi. Mtu aliyeumwa mikono miaka yote akiambiwa kuna chuma kisichodai mikono, nani asingefurahi?

Majira yote yale ya kiangazi bunduki nyeupe ilikaa kwenye boti lake, imening'inia juu ya usukani, ikirushiwa maji ya chumvi kutwa kucha. Delmar aliifuta kwa mkono wa sweta akaona inang'aa, basi. Jioni alikuwa anakula chakula chake cha moto mapema kuliko mtu yeyote Skarvik. Ng'ambo ya njia, dirishani kwa Arvid, alimwona kaka yake ameinama mezani na kitambaa, na mkewe Inga amesimama na sufuria anangoja. Delmar alikuwa akimpungia uma.

Kulungu wetu huwindwa na watu wawili, na sababu yake kila mtu huku anaijua. Dubu wa kisiwa hiki wamejifunza kwamba mlio wa bunduki maana yake ni nyama, nao huja mbio kama walioitwa mezani. Kwa hiyo aliyempiga kulungu huegemeza bunduki yake mahali, hupiga magoti na kisu, hutoa matumbo upesi. Mwenzake humpa mgongo na kuutazama msitu, bunduki mkononi. Yule mwenye kisu hainui kichwa. Ameshaweka roho yake mikononi mwa mwenzake, na ni aibu kubwa kuonekana ukigeuka kuhakikisha kama analinda.

Mwezi wa Novemba walipanda kilima kilicho nyuma ya ghuba, Arvid akapiga dume nene kwa risasi moja. Akaiegemeza nyeusi kwenye gogo, akapiga magoti. Delmar akasimama kulinda. Tangu ainunue alikuwa ameifyatua bunduki nyeupe siku ya kuijaribu tu, basi.

"Kijiko chako kiko tayari?" akauliza Arvid, macho kwenye kisu chake.

"Wewe kata nyama."

Dubu alitokea upande wa chini, kwenye misonobari, bila kelele. Delmar alimwona mapema. Hili lazima lisemwe, kwa sababu wako waliosema alisinzia, na hakusinzia. Alimwona mapema, akalenga vizuri, akabana pumzi, akafyatua.

Tik. Mlio hafifu, kama mtu aliyegonga jino kwa ukucha.

Akavuta komeo, akaingiza risasi nyingine, akafyatua. Tik. Arvid aliisikia hiyo ya pili. Akajua ni nini, maana alikuwa amekaa na bunduki maisha yake yote, lakini hakuinuka wala hakukimbia, kwa kuwa mtu anayelindwa hakatizi mbele ya mtutu wa mlinzi wake. Alisema tu, kwa sauti ya kawaida, "Delmar, chukua yangu."

Bunduki nyeusi ilikuwa ng'ambo ya kulungu, na dubu alifika kabla Delmar hajaifikia. Aliyoyaona hapo sitayaandika. Aliinyakua bunduki ya baba yake, nayo ikaitika mara ya kwanza, na ya pili, na ya tatu, mpaka dubu akalala juu ya Arvid. Kumwondoa dubu kwa mikono ile mibovu kulichukua muda mrefu. Arvid alikufa ndani ya boti kabla hawajaivuka ghuba.

Siku ya mazishi Delmar hakwenda kanisani mpaka alipofungua komeo la bunduki nyeupe mezani kwake. Springi ilikuwa nyekundu kwa kutu, na pini imegandamana na grisi nzito ya kiwandani na chumvi, haisogei sawasawa. Nje hapakuwa na doa. Alikaa pale na koti la mazishi, akajichukia kwa namna ambayo hata chozi halikumjia.

Baada ya wiki chache Inga alivuka njia akiwa na bunduki nyeusi imeviringwa kwenye blanketi. Hakukaa.

"Alikwambia ufungue ndani," akasema. "Alinisimulia siku ileile mliyotoka dukani. Alicheka sana."

"Aliniambia, shemeji."

"Na alikwambia atakusafishia."

"Aliniambia."

Inga akaiweka bunduki mezani. "Sikuja kukusamehe, usinielewe vibaya. Ilikuwa na damu yake, na damu inakula chuma hiki haraka kuliko chumvi. Nimeisafisha mpaka leo. Siwezi tena, kila nikiifungua namwona. Ni ya baba yenu, isafishe wewe."

"Mikono yangu, shemeji..."

"Naijua mikono yako," akasema Inga, akatoka.

Tangu siku hiyo Delmar haendi kuwinda, lakini kila jioni bunduki nyeusi iko mezani kwake, imefunguliwa. Vidole vinagoma, skrubu zinamwanguka, anaziokota chini kwa magoti. Inamchukua jioni nzima. Inga, akiwa dirishani kwake, anaona taa ya Delmar na sufuria ya shemeji yake huyo imekaa jikoni imepoa, naye hufunga pazia.

Ile nyeupe aliigongomelea msumari nje, ukutani pa nyumba, upande unaopigwa na mvua ya bahari. Alitaka ioze mbele ya macho yake. Imepita misimu kadhaa sasa. Wageni wanaoshuka kutoka kwenye meli husimama njiani wakaisifu, wakauliza kwa nini kitu kizuri hivyo kimeachwa nje, na Delmar huwajibu kwamba anangoja kishike kutu. Wao hucheka, wakidhani ni mzaha wa watu wa Skarvik. Kila asubuhi hutoka na kikombe chake cha kahawa, huukagua mtutu toka mwanzo hadi mwisho akitafuta doa, hata dogo, na mpaka leo hajaliona.