Bibi Hafumbi Macho Akiomba

Jamani, leo bibi kamnyamazisha mlokole wa ukoo wetu kwa samaki mmoja!

Tumekaa kula. Ugali wa ulezi, samaki wa migebuka kutoka Kipili ziwani, mate yananitoka.

Baba mdogo, aliyeokoka na hataki tusahau, akasema: "Uchaguzi huu kura zetu ni kwa mgombea aliyeokoka. Basi."

Nikauliza: "Na barabara ya kijijini, ataitengeneza?"

"Tumwombee kwanza. Fumbeni macho."

Bibi akamdaka. "Ngoja, mwanangu. Enzi za Mwingereza, mjumbe wa baraza alichaguliwa kwa watu kupanga mstari nyuma ya wanayemtaka. Baba yangu na walokole wenzake walikuwa wengi kuliko wote. Wakasema tuombe kwanza. Wakaenda pembeni, wakapiga magoti, mgombea wao mwenyewe ndiye anaongoza sala! Kufumbua macho, karani kamaliza kuhesabu mistari. Kashinda mlevi mmoja, hata kusimama wima hawezi."

Tulicheka mpaka machozi.

Baba mdogo hakucheka. Akafumba macho, akaanza. Sala ndefu, jamani! Kamwombea mgombea, mke wa mgombea, mpaka gari la mgombea.

"Amina!"

Tukafumbua macho. Yule mgebuka mnono kuliko wote yuko kwenye sahani ya bibi, kabaki kichwa na miiba.

"Mama! Tulikuwa tunaomba!"

Bibi akalamba kidole. "Hata mimi nimeomba, mwanangu. Ila macho wazi."

Haya semeni, mwaka huu nani anafumba?