Walimbandika Mama Bahati kwenye bango la utalii Geita, leo hana pa kujificha

Wakuu, za mihangaiko. Wakubwa wote shikamooni. Hili limenikaa kooni muda mrefu, leo nalitoa kama lilivyo, chumvi sijaongeza hata punje.

Nina hasira, kwa hiyo mnivumilie.

Nilipata kazi kwenye kamati moja ya kuutangaza mji, hukuhuku kwetu Geita. Kazi yenyewe ni kusoma komenti ambazo wageni huandika mtandaoni baada ya kututembelea, halafu kuiambia kamati nini kinawafurahisha na nini kinawakera, ili matangazo yafanane na ukweli.

Niliipenda sana ile kazi.

Malalamiko yalikuwa yaleyale. Mgeni hajashusha begi, dada wa mapokezi anamuuliza, "Unanunua mzigo?" Akienda kunywa supu, swali lilelile. Huku kwetu mtu akitoka mbali basi kafuata dhahabu, hatuamini kama kuna binadamu anayesafiri kutembea tu.

Sifa nazo zilimwendea mtu mmoja, Mama Bahati wa Rwamgasa.

Ni mjane anayeosha marudio, yaani ule mchanga ambao wenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, wameshautoa dhahabu wakautupa. Mgeni akifika, mama anampa karai, anamfundisha kuzungusha maji, wanacheka, kisha anamkaribisha michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na chai. Wageni walimwachia asante yao, na hiyo asante ndiyo iliyokuwa ikimsomesha Bahati.

Nikashauri kamati: dhahabu tuiache, tutangaze ukarimu. Ila kwanza twende tukamuulize mama mwenyewe.

Mwenyekiti yeye akakamata komenti moja tu: "Alinimwagia dhahabu kiganjani."

Wakuu, zile ni chembe, ukipiga chafya zimepotea! Mzee akagonga meza, "Hii ndiyo inauza!"

Picha wakaichukua kwenye ukurasa wa mgeni, hodi hawakupiga. Wakasimamisha bango kubwa barabarani, sura ya mama imejaa tele, chini yake: NJOO RWAMGASA, MAMA BAHATI AKUMWAGIE DHAHABU KIGANJANI.

Jamani! Jina lake, anapoishi na eti ana dhahabu, vyote kwenye bango moja!

Niliwaambia. Machimboni mtu haoneshi mali. Hata aliyepata huendelea kuvaa nguo zilezile za matope na kuomba chumvi kwa jirani mpaka auze. Mtoto mdogo wa Geita analijua hilo, na mwenyekiti kazaliwa hapahapa. Akanijibu kuwa nina mawazo ya kizamani.

Picha ya bango ikawekwa mtandaoni, laiki zikamiminika. Kamati wakapongezana kwa soda.

Haukupita muda, Mama Bahati akanipigia, namba aliipata ofisini kwetu. Akaniita mwanawe kwa kilugha:

"Ng'wanone, nani kasema mimi nina dhahabu? Shemeji zangu wamekuja, wanasema nimewaficha mali ya marehemu. Wanunuzi wanashinda mlangoni. Mwanangu, nitoleeni hiyo picha."

Nikaenda kwa mwenyekiti. Jibu lake: bango limeshalipiwa, lazima limalize muda.

Wezi wakamvamia mchana kweupe, Bahati akiwa shule. Walichimba sakafu ya chumba, wakapasua godoro. Walipokosa, wakampiga mpaka wakamvunja mkono.

Nilimkuta hospitali. Nikamwamkia.

"Marahaba, ng'wanone," akasema. "Waambie sina."

Nililia, na sioni haya kusema.

Sasa kakimbilia kwa dada yake Mhunze, mkoa mwingine kabisa, na mtoto kahamishwa shule katikati ya mwaka. Kwenye kamati hakuna aliyenyanyua hata simu kumpa pole.

Kisha mgeni mmoja akaandika: "Nimesafiri mpaka Rwamgasa kumwona mama wa kwenye bango, sikumkuta. Yuko wapi?" Mwenyekiti akaniagiza nijibu kwamba mama yetu amepumzika kidogo, karibu tena.

Nikajibu hivi: "Hayupo. Tulibandika sura yake barabarani bila kumuuliza, wezi wakamvunja mkono wakitafuta dhahabu ambayo hakuwa nayo. Samahani."

Jibu langu likafutwa, na kazi yangu ikaenda nalo. Liwalo na liwe.

Nilichojifunza ni kwamba mgeni akisifu, anasifu nyumba ya mtu. Yeye anaondoka, mwenye nyumba anabaki. Komenti zina faida kubwa kwa miji yetu, lakini ukitaka kuigeuza sifa kuwa tangazo, nenda kwanza ukapige hodi kwa anayesifiwa. Kuna watu wanaona hilo ni kupoteza muda!

Wanaofanya kazi hizi za kutangaza miji, semeni kama nimekosea. Na wanasheria humu, naomba mnisaidie: tunaanzia wapi kulishusha lile bango? Mama haombi fidia. Anaomba lishuke tu, maana juzi sokoni hukohuko Mhunze kuna mwanaume kamsimamisha akamuuliza, "Wewe si yule mama wa dhahabu?"