Paa la Ghala la Mikindani

Saa mbili asubuhi, Mikindani. Maji yamefika vifundo vya miguu juu ya paa bapa la ghala la mawe. Chini yake, ndani, Mwanakombo Athumani ameinua shingo, anakagua boriti moja baada ya nyingine.

Matundu ya kutolea maji ya mvua yamezibwa makusudi tangu jana na paa likajazwa maji, kupima kama linavuja. Paa likivuja, ghala litabomolewa, mawe yake yakajenge msingi wa jengo jipya. Na ukuta wa ghala ndio huo huo ukuta wa nyumba ya Mwanakombo.

"Wakibomoa, nitalala uani na kuku," anasema, kisha anacheka. "Na jogoo wangu hana adabu."

Ana miaka hamsini na miwili. Mihogo ndiyo inayomlisha, lakini kazi anayojivunia ni kupiga sakafu: kuongoza wanawake wanaotwanga chokaa na kokoto juu ya paa kwa vibao, kwa mdundo mmoja, hadi ikaze. Alianza akiwa msichana, kwa ujira wa chakula na kanga.

Ndugu Kasiani Haule, ofisa ujenzi aliyehamia kutoka Songea, anaeleza kwa nini mji umekubali kujaribu kulitengeneza paa kwa chokaa. Saruji imeadimika tangu mwanzo wa mwaka huu wa 1974. Matumbawe ya kuchoma chokaa yako hapo ufukweni. Tena nyumba kumi na moja za mtaa huu zimeegemeana.

"Ukiondoa moja, umehamisha mtaa mzima. Kujitegemea ni pamoja na kutunza kilichopo," anasema. "Lakini siweki mahindi ya wananchi chini ya paa linalovuja."

Jaribio la kwanza, mwezi Julai, lilishindikana. Sakafu ikianza kupigwa haiachwi. Ikiachwa kabla ya kukaza, hupasuka. Siku ya pili ngoma ya unyago ikalia mtaa wa jirani. Selemani, mpiga ngoma anayewapa mdundo, akasema anakwenda kusalimia tu. Wanawake wakamfuata. Waliporudi, ufa uliingia kidole.

"Ngoma ya unyago ikilia, Mmakonde gani atabaki juu ya paa?" anauliza Mwanakombo.

"Usitusingizie!" anadakia Rozalia, mpigaji mwenzake. "Nani alitangulia kushuka ngazi?"

Safari hii, Selemani alipopanda tu, Rozalia aliondoa ngazi. Chakula kilipandishwa kwa kamba.

"Mmenifunga kama mbuzi!" alilalamika.

"Mbuzi hulia. Wewe piga!"

Walipiga kwa zamu hadi sakafu ikakaza.

Sasa Kasiani ametandaza majivu makavu ghalani, tone likianguka lionekane. Saa nne, Rozalia anapiga kelele. Kuna doa. Mwanakombo anashika ukuta. Doa la pili linatokea, la tatu, yamejipanga kuelekea mlangoni, na mlangoni amesimama Selemani, ametoka kukagua paa kwa magoti na kukatiza ghalani, kaptura inachuruzika.

"Toka, mwanaharamu!" wanawake wanamfukuza, wakicheka hadi kushikana mabega.

Kasiani hacheki. Anapapasa boriti zilizo juu ya madoa: kavu. Anatandaza majivu mapya, anafunga mlango.

Mwanakombo anasubiri kibarazani. Ameshachagua paa atakalopiga baada ya hili, la nyumba ya tatu kutoka hapa. "Ila nikae kwangu kwanza," anasema.

Adhuhuri mlango unafunguliwa. Majivu hayana doa.

"Ghala linabaki," anatangaza Kasiani.

Vigelegele vinajaza mtaa. Kasiani anapanda mwenyewe, anazibua tundu la kwanza. Maji yanashuka kwa kishindo. Mwanakombo anakinga ndoo, anaijaza, anajitwika na kuingia nayo nyumbani kwake.