Ufa wa Bwawa la Mwambani

Mji ule ulikuwa na fukwe tatu za kuogelea, na watu wake waligombania fukwe hizo kama wake wenza. Wenye watoto walisifia ufukwe mrefu, ambako unaweza kutembea mpaka uzeeke na maji bado yako magotini. Vijana walitaka ule wa mawimbi. Wenye viatu safi walikwenda wa hotelini. Lakini wazee, wajawazito na waoga wote walikwenda kwenye bwawa la mwambani, lililozungushiwa ukuta wa zege. Maji yakijaa, bahari iliingia humo na kukaa kwa adabu.

Mtunzaji wake aliitwa Mzee Brashi. Jina alilopewa na mama yake alilijua mkewe tu, na karani wa manispaa. Kila Alhamisi, maji yakipwa, alifungua mlango wa chuma wa chini, akalimwaga bwawa lote, akashuka na brashi ya mpini mrefu kusugua mwani kutani, kisha akafunga mlango kabla bahari haijarudi. Alifanya hivyo miaka ishirini na sita. Kuta ziling'aa hata samaki waliosahaulika humo wakawa wanajitazama na kujichana ndevu. Kaa mmoja, wanasema, aliteleza akavunjika mguu, akahamia mji mwingine kwa hasira.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, ulimi wake mkali kuliko mkasi. Kiharusi kikamwangusha, upande wa kushoto ukalala. Nchi kavu hakuweza kusimama hata kidogo. Ndipo siku moja mumewe akambeba mgongoni, akamteremsha ngazi za bwawa mpaka maji yakamfika kifuani, na yule mwanamke akatembea. Hatua kumi na moja, ameshika kamba ya pembeni. Kisha akageuka.

"Usinitolee macho, mzee. Nilikuwa najua kutembea kabla hujanioa."

Tangu hapo, kila asubuhi kabla waogaji hawajafika, alikwenda ukuta wa mbali na kurudi, akiwasema majirani njia nzima. Miaka minne ilipita hivyo.

Alhamisi moja Mzee Brashi akaona ufa. Ulikuwa chini, ukuta wa upande wa bahari, urefu wa mkono. Kanuni aliijua: ufa ukionekana unaandikwa kitabuni, na bwawa linafungwa. Alikaa kwenye ngazi akiutazama mpaka bahari ikaanza kurudi. Kisha akauziba kwa saruji na kijiko cha jikoni. Na mtu yule, ambaye mwani wenyewe ulikuwa ukimkimbia, juu ya saruji ile akauacha uote. Baada ya mwezi kuta zote zilikuwa nyeupe kama meno ya mtoto, isipokuwa kiraka kimoja cha kijani.

Mkewe ndiye aliyegundua. Asubuhi moja alisimama karibu na ule ukuta, hasogei.

"Ukuta wako unanivuta gauni," akasema.

"Mkondo tu huo, mke wangu."

"Magauni nimeshona miaka arobaini. Linalopeperuka nalijua, na linalovutwa nalijua." Akagusa mwani kwa mkono mzima. "Na huu? Wewe uliyetaka kunisugua masikio siku ya harusi, leo unafuga majani?"

Mzee Brashi akaangalia vidole vyake.

"Huu ufa una muda gani?"

"Mwezi na kitu."

"Umeficha kwa ajili yangu."

"Nifiche kwa ajili ya nani mwingine?"

Mkewe akaupapasa tena ule mwani. Halafu akasema, "Saa nne wanakuja wajukuu za watu kuchezea hapa hapa niliposimama."

"Nimeziba vizuri."

"Kwa kijiko changu cha mchuzi. Nilikitafuta sana." Akashika kamba. "Niache nitembee mpaka nichoke. Nikitoka, uandike."

Wapo wanaosema siku hiyo alikwenda na kurudi mara mia mbili. Wapo wanaosema aliruka ukuta akafika kisiwani akanunua vitambaa. Ukweli ni kwamba alikwenda mara sita, na ya sita alipumzika katikati. Mumewe akambeba juu, akamfunika kanga, akafunga geti, akaandika.

Injinia alikuja siku ile ile, maji yamepwa na bwawa limemwagwa, binti wa manispaa mwenye buti kubwa kuliko yeye. Akakwangua mwani, akachokoa saruji kwa nondo, mkono ukazama nayo mpaka kiwiko.

"Mzee, huu ungepasuka na watu ndani. Umeuona lini?"

Mzee Brashi akamgeukia mkewe. Injinia naye akamtazama mama yule aliyekaa kwenye ngazi, miguu imelala upande. Akaandika: leo.

"Mtalijenga lini?" mama akauliza.

"Mama yangu, nikikuambia mwaka huu nitakuwa nakudanganya."

Basi wakazijaribu fukwe. Kwenye ule mrefu, Mzee Brashi alimbeba hatua mia tatu, maji yakiwa bado magotini, mgongo ukakataa. Hotelini mlinzi aliwaamkia vizuri, akawasomea kibao, akawarudisha barabarani. Ukabaki wa mawimbi. Wimbi la kwanza liliwapokea, la pili likawatenganisha. Alipompata, mkewe amekaa mchangani, nywele zimejaa majani ya bahari, anacheka. Kisha akaacha kucheka.

"Nirudishe nyumbani."

"Kesho tuje mapema, bahari ikiwa imetulia."

"Mzee. Nirudishe."

Nyumbani alimkalisha kwenye kiti cha cherehani, akaleta beseni la maji ya uvuguvugu, akapiga magoti. Akaanza kutoa mchanga katikati ya vidole vya mguu wa kushoto, kimoja kimoja.

"Huo hausikii kitu," mkewe akasema. "Anza na wa kulia, nione raha."

Akaanza na wa kulia.